Doti Yangu na Mama Achieng

Jumanne, 2 Septemba
Alfajiri tumekimbia mpaka Shika Adabu na kurudi, mimi na jirani yangu Mama Achieng. Kama kawaida, yeye mbele, mimi nyuma namtukana kimoyomoyo. Hana haya huyu mwanamke. Yuwakimbia na bado yuwapiga domo, mimi hata "ningoje" haitoki kinywani. Nyumbani nikaoga, nikakaa kwenye cherehani. Magauni ya harusi ya kule Bofu bado hayana mikono.

Jioni akaja kuomba chumvi. Chumvi yake huisha kila siku, sijui huila na nini. Huku yuwapekua jikoni kwangu akanambia, haraka haraka, mumewe kahamishwa kazi. Kisumu. Wataondoka mbio zetu za Oktoba zikiisha tu. Mimi nikasema "haya." Haya tu! Akaenda zake. Nikabaki na sindano mkononi, nimesahau nilikuwa nashona nini.

Jumatano, 3 Septemba
Nimeitoa doti sandukuni. Mbio zetu za wawili wawili zina desturi yake. Mwanunua doti ya leso, vipande viwili bado vimeshikana. Huyu ashika ncha hii, yule ncha ile, mwakimbia nayo mpaka Timbwani. Ikigusa chini, mmetoka. Mkimaliza mwaikata katikati, kila mtu na leso yake. Wenzetu wote hukata. Sisi mwaka wa kwanza tulikataa. Si tutakimbia tena mwakani? Kukata kwa nini? Basi ndiyo hiyohiyo miaka yote. Nyekundu yake sasa imekuwa kama maji ya ubuyu.

Mwaka huu ndio wa mwisho. Zawadi sizitaki. Nataka kufika Timbwani na Mama Achieng, doti iko juu. Basi.

Jumamosi, 6 Septemba
Balaa. Nimeteleza pale pa kushukia feri, vitambaa vya watu mkononi. Kifundo cha mguu wa kulia kimelia ka! Watu wakanishika. Pole mama, pole mama. Vitambaa vizima. Mimi si mzima.

Jumatatu, 8 Septemba
Hospitali ndiko nilikostahili kwenda kwanza. Nimekwenda kwa shangazi yangu Bi Mwanakombo, mkandaji. Ukoo mzima mifupa yetu imepita mikononi mwake. Kutangulia kwa daktari ni kumvunjia heshima. Jana akanikanda kwa mafuta ya nazi ya moto mpaka nikawaita marehemu kwa majina. Leo nimeamka mguu kama papai. Mume wangu akautazama, akatoka kutafuta tuktuk.

Daktari kasema kano zimechanika kidogo. Uvimbe huu mwingine ni wa kukandwa. Ilitakiwa barafu, si moto. Nisahau kukimbia. Na kutembea? Taratibu, baadaye, mguu umefungwa bandeji, na ukiuma nikae. Hilo la kukaa sikulisikia vizuri.

Shangazi nimemwambia daktari kamsifu. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 20 Septemba
Nashona kwa mguu wa kushoto. Mishono yaenda itakako. Mama Achieng yuwaja kila jioni na barafu ya friji yake, auweka mguu wangu mapajani, asimulia umbea wa kiwandani kwake mpaka barafu iishe. Kanambia, "Mama Swafiya, wacha wasiwasi, hii race tutaifanya." Kiswahili chake hicho cha bara. Miaka yote hii nimeshindwa kukinyoosha. Nampenda mno, na kumwambia siwezi.

Lakini macho ninayo. Viatu vyake vya kukimbilia vina vumbi jipya. Yuwafanya mazoezi. Na nani?

Alhamisi, 25 Septemba
Nimejua na nani. Nilikuwa nimekaa kizingitini alfajiri na bakora yangu. Hao, wapita mwisho wa njia, Mama Achieng na Bi Tima muuza mahamri. Leso katikati yao! Huyu ncha hii, yule ncha ile!

Bi Tima! Mtu akitoka kwake kwenda dukani lazima apumzike njiani. Wallahi nimeumia kuliko nilivyoumia kivukoni. Kama ni kunibadilisha, si angetafuta anayekimbia?

Jioni akaja na barafu. Nikamwambia mguu umepoa, siitaki. Akaiweka mezani, akaenda. Ikayeyuka ikalowesha gauni la mteja. Stahili yangu.

Jumamosi, 27 Septemba
Nimenuna. Mume wangu asema nyumba ina mawingu. Ikiwa hataki mvua na atoke nje.

Mama Achieng hajaja. Chumvi yake siku hizi haiishi?

Jumanne, 30 Septemba
Bi Tima kaja kupimwa gauni. Nikampima, tepe nikaikaza zaidi kidogo. Akaanza kulalamika mwenyewe. Shoga yangu atamuua. Kila alfajiri amgongea mlango. Nikamuuliza, si mwajiandaa na mbio? Akacheka mpaka kiti kikalia. Mbio gani, yeye?

Mama Achieng kamwomba awe yuwatembea naye na leso. Yuwajifunza kwenda polepole. Ati miguu yake haijui mwendo wa mgonjwa, akiwa nami atanivuta aniangushe. Akatafuta mtu wa mwendo mzito kuliko wote Timbwani nzima, akampata.

"Nami nikakubali," asema Bi Tima. "Kwani mimi mzito hivyo?"

Nikalia palepale na tepe shingoni. Bi Tima akadhani ni mguu.

Jioni nikajikongoja na bakora mpaka kwa Mama Achieng. Nikamwambia nimekuja kuomba barafu. Akanipa, na matusi juu yake. Raha.

Jumapili, 12 Oktoba
Tumetoka Shika Adabu. Wenzetu wakaondoka kama waliofukuzwa na nyuki. Sisi tukatembea. Bandeji mguuni, doti katikati. Mama Achieng alikwenda polepole kweli, hatua yake na yangu sawasawa. Mtu aliyezaliwa na haraka yule. Mishipa ya shingo ilimtoka kwa kujizuia, na hakunivuta hata kidogo.

Tulipofika Bofu mguu ukakataa. Nikapepesuka mbele, doti ikalegea, nikaiona yaenda kwenye vumbi. Mama Achieng akarusha mkono juu, ikakazika. Haikugusa. Nikakaa kwenye jiwe, jasho na machozi pamoja, nikamwambia aniache, aende amalize, mimi nimeshindwa. Akanitazama kama mwehu.

"Niende wapi, na hiyo ncha ingine uko nayo wewe?"

Akakaa chini kando yangu, mkono bado juu. Tukapumzika. Tukaenda. Tukapumzika tena.

Tulipofika Timbwani tukakuta viti vyapakiwa garini. Na nani amesimama mwisho? Shangazi Bi Mwanakombo, chupa ya mafuta ya nazi mkononi, ya moto, moshi watoka. Hapo ndipo nilipokimbia. Hatua chache tu, za kumkwepa, na Mama Achieng ubavuni yuwacheka hajiwezi. Tukapita mstari hivyo. Wa mwisho kabisa. Doti juu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Wameondoka asubuhi. Vitu vilipokwisha kupakiwa Mama Achieng akaja kwangu, akasema sasa tuikate, kila mtu na leso yake. Ndiyo desturi. Nikamwambia mkasi wangu umekuwa butu. Mkasi wa fundi! Na punde tu kabla aliniona nikikata hariri ya mtu. Akanitazama sana. Akasema sawa, mwakani atakuja kuangalia kama nimeunoa. Kisha akanikumbatia, na mimi safari hii nikamwambia nampenda.

Nyumba yao iko wazi, mtu aifagia. Chumvi yangu imejaa kopo.

Mchana nimekaa kwenye cherehani. Mguu wa kulia umekanyaga pedeli, hauumi sana. Nimezipinda ncha zote mbili za doti zisifumuke. Katikati sikugusa.