Lango la Maji Halikujua Kuna Msiba

Ijumaa, Sekei. Mawingu yameufunika mlima Meru tangu asubuhi, mvua inatishia tu, hainyeshi. Nimechemsha chai mara mbili na zote zimepoa mezani. Sikai, silali, nazunguka tu chumbani.

Jana kifaa changu kilimwaibisha mama.

Ni bodi ndogo ya kielektroniki, haizidi kiberiti, niliyoifunga kwenye lango la mfereji wake kule Nkoaranga. Zamu yake ya maji ikifika, mota inainua bati la lango, migomba inapata maji, naye hana haja ya kupanda mlima na jembe. Wenzangu wa fani ya kompyuta walinicheka kwa kutumia lugha ya skripti, rahisi kuandika lakini yenye kula nafasi, kwenye kidude chenye kumbukumbu finyu namna ile. Mimi naipenda kwa sababu unabadilisha mstari mmoja, unawasha, unaona. Zamu zikibadilika, nami nabadilisha mstari.

Ila nafasi haikutosha. Programu ilikuwa inakwama katikati, nikaanza kupunguza. Nikatoa kipande kinachopokea meseji ya kusimamisha lango. Nilijiambia nitakirudisha. Kwa kweli nilikuwa na haraka ya kujisifu.

Jumatano Baba Elia, jirani yetu wa chini, akafariki. Kwetu msiba ukitokea zamu zinasimama; maji yote yanaachwa yashuke kwa wafiwa mpaka mazishi yapite. Hakuna anayekumbushwa. Nimekua nikiona hivyo, na bado sikuliandika jambo hilo kwenye programu.

Mama alikuwa huko huko msibani, anamenya ndizi na kina mama wenzake, maji yalipokatika. Wakapanda kutazama, wakakuta yanamwagika kwenye migomba yake. Mama akalishusha bati kwa mkono. Likapanda tena. Akashusha, likapanda, kwa sababu nilikiagiza kifaa kijikague kila dakika na kisikubali lango lifungwe zamu ikiwa yetu. Wanawake wote wamesimama, wanamtazama. Mwisho akachukua jembe, akakipiga mpaka kikanyamaza.

Mama Elia, mjane wa marehemu, aliokota ndoo yake tupu akashuka. Hilo ndilo linalomuuma mama, na mimi pia.

Leo nimempigia simu. Nimemwamkia, ameitikia marahaba ya chinichini. Nikaanza kueleza kwamba bodi nyingine ninayo, nitaongeza mstari wa msiba, nikipunguza mambo mengine itaenea. Akanikatiza.

"Wameniuliza kama hicho kitu nilikiweka ili nisishirikiane na watu. Nikainamia ndizi zangu, mwanangu. Kesho tunazika. Njoo na ndoo."

Bodi mpya iko hapa, imewaka, inasubiri nichape. Mikono inaniwasha. Mstari wenyewe ni mfupi, ningeumaliza kabla chai haijapoa tena. Lakini ni mangapi mengine ya kwetu ninayoyajua, ambayo sijawahi kulazimika kuyasema?

Nimeichomoa.

Kesho nitamchotea maji Mama Elia, nimpelekee ndoo nimeibeba kichwani mbele ya wote. Akinipokea, huenda nikapata usingizi.