Sanduku Nililoliacha Mchangani

Mombasa, Jumapili

Kwa Baba yangu, Lambwe,

Nakuamkia wewe, mama na boma zima. Homa ya mama imepungua? Na wale ng'ombe wawili, mbung'o hawajawasumbua tena? Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Ila tangu barua yako ifike, naona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Ulisema mwalimu alisoma barua yangu ya kutoka Vanga siku ya Sabato, baada ya ibada, watu wote wameketi kwenye nyasi. Ukasema walicheka mpaka wakashika mbavu kwa habari za yule Mswahili mzembe aliyeiachia bahari sanduku la bwana, na kwamba ulijivunia mwanao, mtoto wa ziwa aliyeingia majini kuliokoa. Niliposoma hapo niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro. Baba, ile habari niliigeuza. Sasa nakueleza ilivyokuwa.

Bwana ninayempikia anaandika habari za miji ya zamani ya pwani ya kusini. Tulianzia Gazi, akachora mlango wa nakshi wa jumba kuukuu kutwa nzima, mimi nimemshikia mwavuli. Shimoni tuliingia kwenye pango ambamo watu walifungwa kabla ya kuuzwa. Humo sikukaa, nilitoka nikamsubiri juani. Fukwe za huko ni nzuri, siwezi kusema uongo, mchanga mweupe kama unga wa muhogo. Kisha tukamchukua mtu mmoja, Bakari, atuvushe kwa mashua yake mpaka kisiwa cha Wasini. Ni mtu wa makamo, mpole, ana kikohozi. Kazi yake ni hiyo ya kuvusha wageni, hana nyingine.

Tuliposhuka, maji yalikuwa mbali na mchanga umekauka. Bwana akaenda kutazama makaburi ya kale. Mimi nikaliweka sanduku la madaftari yake pale mchangani, kwenye kivuli cha jiwe.

Bakari akaniambia, "Ndugu yangu, lipandishe kule juu. Leo bamvua, maji yatajaa mpaka hapa."

Nikamcheka. "Yatatoka wapi na mvua haijanyesha? Mimi nimezaliwa kando ya maji. Usinifundishe maji."

"Haya. Lakini lipandishe," akasema, akaenda kuswali.

Wewe unalijua ziwa letu. Ukiacha mtumbwi mahali asubuhi, jioni utaukuta palepale, labda upepo uwe umeusukuma kidogo. Hakuna aliyeniambia kwamba bahari huondoka ikarudi. Hapana, nasema uongo tena. Bakari aliniambia.

Nikaenda kumwokotea dada mdogo makombe ya konokono wa baharini. Niliporudi sanduku lilikuwa linaelea. Kweli niliingia majini, hilo sikulitunga, lakini madaftari yalikuwa yameshakuwa uji. Kazi ya miezi mingi, baba. Bwana akaja, uso umemwiva, akauliza nani aliliweka pale. Nikatazama chini nikasema, "Bakari aliniambia hapa ni pazuri."

Bakari alikuwa amerudi, amesimama karibu nami kama kutoka kiti chako hadi mlangoni. Aliniangalia, halafu akaingia kwenye mashua yake akaanza kukumba maji yaliyoingia ndani. Tuliporudi Shimoni, bwana alimwambia mkubwa wa kijiji kwamba mtu yule si wa kuaminiwa na wageni. Nimesikia kwa dereva aliyetoka huko kwamba tangu siku hiyo hakuna msafiri anayepanda mashua yake. Na jioni ile, kabla hatujaondoka Shimoni kwenda Vanga, mke wa Bakari aliniletea sahani ya wali wa nazi na samaki, kwa kuwa mimi ni mgeni na nimelowa. Nilikula, baba. Nilikula nikamaliza.

Wewe hili unalijua kuliko mtu yeyote. Nilikuwa mdogo pale Homa Bay, yule mwenye duka aliposema umeficha gunia lake la sukari, na gunia lenyewe lilianguka ziwani mkishusha mzigo wa meli. Watu walijua hukuiba, lakini hakuna aliyekupa tena mzigo ukabeba. Ndiyo maana leo tunalima Lambwe. Yule mtu nimemchukia mpaka leo. Sasa mimi ndiye yeye.

Jana Sabato, baada ya kanisa, nilimwambia bwana yote. Alizima kiko chake, akasema kesho nisiwashe jiko. Basi, kazi imekwisha. Alfajiri naenda Shimoni kumwambia mkubwa wa kijiji, Bakari akiwepo na watu wakiwepo. Sijui atanipokeaje, naogopa. Nikitoka huko nitasubiri jibu lako kwa yule fundi viatu wa hapa Mombasa ambaye barua zangu hufikia kwake. Ukisema nije, nitakuja mikono mitupu. Ukiona nimekuvunjia heshima mno, sema, nami nitatafuta kibarua huku.

Nina ombi moja. Barua ya kwanza ilisomwa mbele ya watu. Hii nayo isomwe Sabato, baada ya ibada, palepale kwenye nyasi. Waliomcheka Bakari wasikie mtu wa kuchekwa ni nani.

Nisalimie mama, na mama mkubwa aliyecheka kuliko wote. Dada mdogo mwambie makombe yake ninayo. Mjomba akija kutoka kisiwani Takawiri na dagaa wake wa omena, mwambie asinitetee.

Ni mimi mwanao niliyekuaibisha,
Ouma

Na wewe mwalimu, nimeandika kwa Kiswahili kwa ajili yako, maana ninyi Wakuria wa Migori Kijaluo kinawapiga chenga. Najua una huruma, na ukifika pale kwenye sahani ya wali utataka kupita haraka. Tafadhali, usiruke mahali popote.