Tulikutana kwenye i

Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, na nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Nimeziacha kwenye kamba, sina haraka nazo. Nguo zenyewe ni za mtu mmoja.

Nyuma ya nyumba yangu hapa Chuno wamefungua chekechea. Kila asubuhi, kabla sijamaliza chai, wanaanza: a, e, i, o, u. Siku nyingi nawasikia kama ninavyowasikia kuku wa jirani. Leo nimesimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, halafu nikalia. Mtu mzima mwenye mjukuu, nalilia irabu.

Nimemkumbuka Agnesi.

Nilianza kujua herufi kabla ya kwenda shule, ila zilikuwa za chuoni. Marehemu mama alinipeleka kwa maalimu kule kwetu Mtawanya nikiwa bado natembea na kidole mdomoni, nikasoma alifu, be, te, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo siku ya kwanza shuleni, tulipoambiwa tuandike, sikuwa na wasiwasi wowote. Nilijiona msomi.

Vibao havikutosha. Vilikuwa vipande vya mbao vilivyopakwa masizi, kimoja watoto wawili. Mimi niliwekwa na Agnesi, binti wa mwalimu wetu mwenyewe, Mwalimu Felista; walikuwa wamehamia kutoka Iringa. Mwalimu akaandika ubaoni zile herufi tano, akasema tuziige. Agnesi akaanzia kushoto. Mimi nikaanzia upande wa kulia, mstari uleule. Yeye a, mimi a. Yeye e, mimi e. Tulipofika kwenye i mikono ikagongana.

Hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Tukavutana, chaki ikakatika, nikampiga kofi la shavu, mtoto wa mwalimu. Darasa zima likacheka. Mimi nikakaza mgongo kungoja fimbo.

Mwalimu alikuja, akaangalia ule mstari wetu kwa muda. "Somoe hajakosea," akasema. "Ameanzia upande wake." Kisha akatoa mfukoni korosho moja ya kukaanga, akaiweka katikati ya kibao, palepale tulipogombana. "Atakayefika hapa wa kwanza amngoje mwenzake."

Siku zilizofuata alinizoeza kuanzia kushoto, na nikazoea. Lakini ile korosho hatukuiacha. Tulipopata korosho, moja iliwekwa katikati kwanza, tukangojana, ndipo tukaipasua, kila mtu upande wake. Tulifanya hivyo shuleni, tukafanya kwenye harusi yangu na yake, na siku alipomzika Mwalimu Felista nilimwekea moja kwenye jamvi. Waombolezaji walitushangaa, na wana haki.

Sasa niandike lile ninalolikwepa.

Mume wangu alipofariki mwaka juzi, watu walijaa mpaka barabarani. Agnesi hakuja. Anakaa Shangani, ni mwendo wa miguu tu. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kila mlango ukigongwa nachungulia, si yeye. Alipiga simu mara tatu. Nilikuwa naitazama ikiita mpaka inanyamaza. Nilitaka aumie kama nilivyoumia.

Nilipotoka eda, mkwe wake Agnesi akanieleza. Wiki ile ya msiba wangu, Agnesi alikuwa amelazwa Dar, amefanyiwa upasuaji. Alikataza nisiambiwe. "Mama alisema tusimbebeshe shoga yake msiba juu ya msiba," akaniambia yule binti, na hakuniangalia usoni.

Siku ileile ningekwenda. Sikwenda. Nilijiambia yeye ndiye aliyeanza kunificha, basi yeye ndiye aanze kuja. Siku hizi hata hasira sina tena, nina aibu. Nimezipuuza simu za mgonjwa, na hilo sijui nitalitamkaje mbele yake.

Jumamosi nilimwona sokoni. Amekonda, anatembea ameshikwa mkono na mkwewe. Nikajificha nyuma ya magunia ya makopa ya muhogo, mimi na umri huu, mpaka muuza makopa akaniuliza kama nina deni na mtu. Nikamsikia Agnesi akimuuliza mama mmoja, "Mwanangu, korosho za kukaanga siku hizi huleti?" Sauti ni ileile. Akajibiwa zimekwisha, akaondoka taratibu.

Ningeweza kumwita.

Mama hayupo, Mwalimu hayupo, na marehemu mume wangu alinioa nikiwa tayari binti wa kujitanda. Aliyebaki duniani anayemjua Somoe wa kidole mdomoni ni Agnesi peke yake. Wanangu wananijua kama mama, jirani ananijua kama mjane wa nyumba ya kona. Ninaweza kukaa siku mbili bila mtu kuniita kwa jina langu. Na yeye amekonda hivyo. Naogopa nitaletewa habari zake na mtu mwingine, nami niingie kwenye msiba wake kwa mlango wa wageni.

Mchana nimemtumia ujumbe: "Agi, ni Somoe. Nisamehe." Mpaka sasa ni magharibi, hajajibu. Nimekaanga korosho, robo kilo nzima, nyumba yote inanukia, na sijala hata moja.

Mwalimu alisema atakayefika wa kwanza amngoje mwenzake. Miaka miwili nimejidai nimefika, namngoja, kumbe hata chaki sijashika.

Kesho wale watoto wakianza a, e, mimi nitakuwa njiani kwenda Shangani. Asipofungua, nitakaa barazani kwake, niweke korosho moja katikati, nimngoje.