Muchezo ya Kujifanya Mukimbizi

Dzaleka, Jumamosi

Eti tujifanye bakimbizi. Siye!

Balitupeleka Lilongwe, mutaa wa Area 47, siye balimu ba kambi ya bakimbizi pamoya na balimu ba Malawi, tufundishwe namna ya kuonyesha batoto mambo ya dunia. Bwana wa semina akagawa karatasi: «Wewe ni mukimbizi. Uko na dakika tano. Andika vitu utabeba.» Nilizani anatuchekelea. Hapana, iko anaangalia saa yake!

Madame Générose, Murundi mwenye tunafundisha naye hapa kambini, akaandika kitu moja tu: kaye ya apele, daftari ya kuita majina asubui, yenye majina ya batoto ba darasa yake ya kule kwao. Ule bwana akaikata pa karatasi na biki nyekundu. «Madame, haukuelewa muchezo. Hiyo itakusaidia nini? Andika maji, andika dawa.»

Ndani ya lori, tukirudia kambini, nikamuuliza Madame kama ile kaye ingaliko.

«Iko. Siku ya kwanza ya masomo hapa Dzaleka niliita majina yote ya ile kaye. Batoto batatu baliitika.»

Hasira yangu juu ya ule bwana haijanitoka. Lakini mi pia nilikimbia, mi pia ni mwalimu.

Na mi niliandika maji.