Nzuri, Ila

Jumatatu, 4 Machi 1957

Mungu aliumba anga, lakini hapa Mbeya anayelifungua asubuhi ni mimi, Halfani! Astaghafirullahi. Lakini kweli ni kweli. Rubani ana usukani tu. Bwana Philbert, karani wetu wa uwanja, asipotia sahihi karatasi ya safari, ndege inakaa chini kama kuku anayeatamia. Na Bwana Philbert hatii sahihi kabla hajaniuliza: "Halfani, Loleza iko wapi?" Natoka nje, natazama mlima. Kilele nikikiona, anga wazi. Nisipokiona, limefungwa. Darasa la sita sikumaliza, na Wazungu wananingoja mimi!

Bwana Philbert ana leseni ya kazi hii. Alisomea Nairobi. Anaitunza kama mboni ya jicho. Leo kasema kozi ile ina nafasi moja. Moja! Ama Mbeya ama Iringa. Mkaguzi anakuja wiki ijayo kutusaili, mimi na Silvester wa uwanja wa Iringa. Wanataka hesabu, Kiingereza kidogo, na macho mazima.

Macho ninayo. Hesabu — tutaonana hukohuko.

Alhamisi, 7 Machi

Silvester kapiga simu. Tulikaa dawati moja Iringa kabla baba hajahamishia duka lake la vitambaa Mbeya. Yeye alininong'oneza majibu ya hesabu, mimi nikamlipa vichekesho. Nani alifaidi zaidi? Yeye!

"Kamwene, muuza kanga!" Salamu yake ileile ya Kihehe.

"Silvester, usiende Nairobi ndugu yangu. Hakuna pombe ya ulanzi kule, utakauka."

"Nitakuletea hewa ya Nairobi kwenye chupa uinuse. Maana kufika, hufiki."

Nikacheka mpaka Bwana Philbert akaja kunipokonya simu. Hasira hizo! Simu ya uwanja haina salamu, kasema. Anza na mlima, maliza na mlima. Hata akipiga mama yako!

Huo ustaarabu gani? Kwetu hata mwenye msiba ukimuuliza habari anasema nzuri, ndipo anaongeza: ila tumefiwa. Ukianza na ubaya watasema hukulelewa.

Jumapili, 10 Machi

Hesabu za upepo na mafuta. Kichwa kinagonga. Silvester hizi anazitafuna kama karanga. Mama anasema nikikosa nisihuzunike, kaunta ya baba ipo, nitapima vitambaa. Maisha yote na futikamba shingoni! Sitaki hata kuota.

Jumanne, 12 Machi

Siwezi kuandika.

Jumatano, 13 Machi

Niandike ilivyokuwa.

Jana asubuhi Loleza haikuwapo. Ukungu umelalia mabati ya sokoni. Redio imekufa kwa unyevu, Bwana Philbert yuko chini ya meza na waya zake, simu kaniachia mimi. Ikalia. Silvester! Rubani wa ndege ndogo ya barua kakubali kumpakia aje kwenye usaili. Mara yake ya kwanza kupanda ndege. Sauti yake ilikuwa inaruka tayari. Rubani kasimama hapo hapo, kasema, anangoja neno la Mbeya.

"Haya, habari za Mbeya?"

Sheria anaijua kama mimi. Lakini kwa rafiki nani anaanza na mlima?

Nikasema, "Nzuri." Kama mtu yeyote. Nilikuwa nakuja kwenye ila — laini ikakatika. Mvua hizi! Nikazungusha mkono wa simu, nikazungusha. Kimya.

Baadaye tukaisikia ndege juu ya ukungu. Inakwenda, inarudi, kama inzi ndani ya chupa. Bwana Philbert akatoka mbio, kofia mkononi, akawa anapunga. Anampungia nani? Haonekani hata kwangu niliye karibu naye. Kisha mlio ukashuka. Kisha hakuna.

Shamba la viazi, juu ya mji. Rubani kavunjika mkono. Silvester, kioo kimemwingia jicho la kulia.

Laini ilikatika. Nimemwambia Bwana Philbert hivyo. Kaandika hivyo.

Ijumaa, 15 Machi

Jana daktari kaling'oa jicho la Silvester.

Leo usaili. Mkaguzi kanipa hesabu moja ya mafuta, nikaikosea. Akaguna, akafunga kalamu. Akasema basi, si amebaki mmoja? Akaninyooshea herufi ukutani. Nikazisoma zote mpaka zile za sisimizi.

Nimepata! Niliandika alama ya mshangao, ngoja niiache hapo. Haina kazi.

Bwana Philbert kanipa mkono, hakunitazama. Nyumbani Mama kapiga vigelegele, majirani wakatoka. Nikamwambia, Mama nyamaza. Sijawahi kumwambia vile.

Jumapili, 17 Machi

Hospitali. Nimechukua machungwa. Njiani nilitunga kichekesho, ulanzi ulikuwamo. Kikafia mlangoni.

Kitanda cha dirishani. Bandeji nusu ya uso. Alijua hatua zangu kabla hajageuka.

"Muuza kanga."

"Kamwene," nikasema. "Habari yako?"

"Nzuri."

Nikangoja ila. Nikangoja, wallahi. Hakuileta. Alikuwa anatazama nje, na Loleza imekaa peupe kabisa, kama haijawahi kujificha maishani mwake.

Halafu kasema mkaguzi alipita kumuuliza habari ya ile simu. "Nikamwambia laini ilikuwa mbovu. Au sivyo, Halfani?"

Kanigeukia na lile moja lililobaki.

Nikamenya chungwa. Nikamenya la pili. Hakula hata moja.

Jumatano, 27 Machi

Ndege ya Nairobi imefika. Naandika juu ya sanduku langu, kando ya uwanja. Suruali mpya, viatu vya baba. Leo napanda mimi, na vijana wa sokoni wamekuja kunitazama. Wananiita bwana leseni. Wanangoja niwachekeshe.

Silvester karudi Iringa jana kwa lori. Sikwenda kumuaga. Kaacha salamu kwa Bwana Philbert: mwambieni asisahau chupa ya hewa.

"Halfani! Loleza iko wapi?" Bwana Philbert huyo, kwa desturi tu. Mlima anauona mwenyewe.

Laini haikukatika.

Aliuliza habari za Mbeya, nikasema, "Nzuri kabisa, njoo ushindwe!" Nikabamiza simu asipate la kunijibu. Nikacheka peke yangu pale, ukungu umejaa mlangoni. Sikuzungusha chochote. Hapakuwa na ila mdomoni mwangu.

"Halfani! Nakuuliza, Loleza iko wapi?"