Liwali Mlangoni pa Kanisa

Aldermere, Jumatatu baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 1262

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila nina habari mbaya. Hamo wetu, katika ugomvi wa pombe, amemchoma kisu Fulk, mtoto wa pekee wa liwali Bwana Warin. Fulk amekufa. Hamo amekimbilia kanisani, na kisheria hagusiki humo. Akikiri, ataapa kuihama Uingereza asirudi tena. Lakini msimamizi wa sheria hapa ni Bwana Warin mwenyewe, ambaye mimi ni karani wake, na mlango wa kanisa ni mbao tu. Tuombee.

Mwanao, Osbert

Shoreham, Alhamisi

Mwanangu,

Marahaba. Bado nakohoa. Padri anayeniandikia anasema nipunguze maneno. Akawaambie kondoo wake. Usinitake niwaamini mabwana. Baba yako alikufa akibeba mawe ya ngome yao. Sheria wanatutungia sisi; ikiwabana wao, wanairuka kwa farasi. Mtoe ndugu yako kwa dirisha la nyuma.

Mamako, Hawise

Aldermere, Jumapili

Mama,

Shikamoo. Sikumtoa. Jana askari walikwenda kanisani na mashoka. Bwana Warin akaja kutoka kumzika mwanawe, udongo ungali mikononi. Tukampisha. Alipofika mlangoni akageuka, akachomoa upanga, akawaelekezea watu wake.

Mkuu wao akasema, "Bwana, huyu ndiye aliyemuua Fulk wetu."

"Unadhani nimesahau?"

"Basi tupishe."

"Njoo uniondoe."

Hakusogea mtu. Mpaka sasa anakaa palepale, anakula palepale. Nampelekea mkate na siwezi kumtazama usoni. Hamo ameapa. Analetwa huko kwako apande meli.

Mwanao, Osbert

Shoreham, Jumamosi

Mwanangu,

Marahaba. Nimewaona. Hamo alikuja miguu mitupu, msalaba wa mti mkononi. Jamaa za Fulk walisimama njiani na mawe. Liwali akamweka farasi wake katikati. Meli haikuwapo. Unajua sheria: anayehama lazima aingie baharini hadi magotini, aonyeshe nia ya kuvuka. Wimbi likamwangusha, na kuogelea hajui. Yule mzee angeweza kutazama tu. Aliingia na mavazi yake ya chuma, akamkamata ukosi, akamsimamisha.

Asubuhi meli ikamchukua. Nilipiga magoti matopeni, mimi huyu, na hakuna aliyenilazimisha.

"Bwana, umemsamehe?"

"Hapana, mama. Hilo usiniombe."

Kisha akaniuliza kama nimebakiwa na mwana mwingine. Nikamwambia ninaye, ndiye wewe, karani wake.

"Vizuri," akasema, akapanda farasi.

Mamako, Hawise