Mlango Unaotazama Maji

Yaya Fidèle, kaka yangu,

Kwanza nakuomba: haya nitakayokuandikia yabaki kwako. Usimwonyeshe Baba. Najua mko pamoja sasa, na unajua kama mimi kwamba Baba hakuwahi kukaa na siri hata siku moja. Enzi tulipokuwa tukiishi Kapata aliipitisha nyumba kwa nyumba kama mtu anayegawa chumvi. Mama naye usimwambie, atahangaika. Soma peke yako, kisha ukunje. Huku Kolwezi ni Solange mke wako tu anayejua nusu ya mambo haya. Nusu ya pili haijui mtu, na nimeiweka mwisho kwa sababu naona haya kuanza nayo.

Naandika ofisini, Manika, saa ya chakula. Madereva wa malori wananigongea kioo wakitaka karatasi zao. Nimewafanyia ishara ya mkono kwamba wangoje. Mimi, Nata, ninayeogopa hata kumwambia bosi kuwa kiti changu kimevunjika, nimewangojesha watu wazima na malori yao. Ungecheka.

Nina habari za binti yako Gracia.

Hukuona tulivyofanya matanga yako, kwa hiyo nitakueleza. Siku tuliyotoka hospitali bila wewe, wanaume wa avenyu walitafuta turubai la kufunika uwanja, wakalitoa lako la kijani. Hakuna aliyefikiri. Lilikuwa kubwa kuliko yote mtaani, na lilikuwa karibu. Wakalifunga kwa kamba zako zilezile, wakaliinamisha upande mmoja kama unavyolifunga wewe kule ziwani ulikokuwa ukitupeleka kulala. Wakatandika mikeka. Wanawake wakawasha makaa, wakaleta sufuria kubwa, wakavua viatu, wakaanza kuimba.

Gracia alikuwa kwa jirani, Mama Béa. Akarudi jioni akiruka ruka, akasimama langoni. Akaona turubai, moto, mikeka, watu wengi wamelala chini na mablanketi. Akapiga makofi.

"Tunalala inje!" akapiga kelele. "Tantine Nata, tunalala inje! Ziwa iko wapi?"

Yaya, wimbo ulikatika. Mama mmoja alijifunika kitenge usoni akakimbilia nyuma ya nyumba. Na mimi nilimwona mtoto wako akifanya kitu ambacho bado nakiona nikifumba macho. Alichukua mkeka mdogo, akautandika pale turubai linapofunguka, akaunyoosha pembe zake kwa mikono. Akageukia wazee wote wale, akawaonya kwa kidole:

"Hapa ni pa Papa. Papa analalaka ku mulango. Musikale hapa."

Hawakukaa. Matanga yote, watu walipoingia na kutoka, waliinua miguu wakaupita ule mkeka. Hata mchungaji. Hata wale walevi wa avenyu wanaokuja matangani kwa ajili ya kula bukari, waliuzunguka.

Siku ya maziko tulimwacha tena kwa Mama Béa. Hakuona sanduku. Kwa hiyo wanaume walipolikunja turubai, alikasirika. Mbona tunakunja, na Papa bado hajafika? Ndipo Shangazi Odile akajibu. Alisema umeenda Musumba kuchomelea paa la kanisa, na mvua imeharibu njia. Mjomba akaongeza lori lililokwama. Mama Béa akaongeza matope mpaka magotini. Kila mtu akaleta tope lake. Mimi nilikuwa nimeshika ncha moja ya turubai, nikaendelea kukunja.

Baadaye Shangazi alituita jikoni, akatuambia kwa sauti ya chini: "Mutoto habamwambiaka mambo ya lufu, ya kufa. Atakomaa, atajua yeye mwenyewe." Unamjua akisema. Nani atamjibu?

Gracia akakubali, Yaya. Hilo ndilo linaloniua. Hakulia. Mvua ikinyesha alikuwa akitazama juu na kusema, "Njila ya Papa inaharibika tena," kama mtu mzima anayelalamikia kazi ya serikali. Alikuwa na subira kuliko sisi sote.

Na sasa mvua zimekwisha.

Vumbi limerudi. Majani ya miembe ya jirani yamekuwa mekundu, nguo zikianikwa zinarudi chafu kuliko zilivyokuwa. Majuzi Gracia alitoka uani, akakanyaga ardhi kwa kisigino, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akaja kunishika sketi.

"Tantine, njila ilisha kukauka. Papa atakuya sasa."

Tangu hapo halali kitandani. Solange anambeba, anamlaza kando yake, na asubuhi anamkuta tena chini mlangoni, juu ya sementi, amelalia ule mkeka. Amekuwekea kandambili zako hapo. Anasema anakushikia nafasi, watu wasikae.

Ameanza kukohoa kwa baridi ya sakafu.

Jumapili Solange alikuwa akichambua mboga za lengalenga, mimi namsaidia. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nata, umwambie wewe. Mi siwezi. Nikianza kusema, nitaanguka, na yeye ataniona nikianguka." Nikamuuliza: niseme wapi? Hapa Shangazi anaingia bila kubisha hodi. Solange akaendelea kuchambua mpaka mboga zikaisha. Kisha akasema: "Kule alikuwa anatupeleka."

Basi ndiyo maana nimekuwa nikitafuta mahali pa kulala kando ya ziwa. Ofisini wanafikiri natafutia vijana wa parokia. Nimeuliza, nimelinganisha, nimeandika nyuma ya karatasi za malori. Ulizoea kunicheka: "Nata anapima mpaka upepo." Ndiyo, Yaya. Nimepima.

Niliomba ruhusa nikachukua pikipiki ya taksi-moto hadi ziwani, Nzilo. Mahali pa kwanza ni vile vibanda vya nyasi karibu na barabara. Hema zao ni mpya, godoro lipo, samaki wa kuchoma wapo. Meneja alinipokea kama mke wa waziri. "Mademoiselle, tuko na kila kitu, na muziki mpaka asubuhi!" Nikamuuliza kama inawezekana kupata upande wenye kimya. Akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. "Kimya? Ziwa bila muziki ni maji tu!" Nilifikiria kumwambia Gracia neno lile huku spika zinapiga, naye ananijibu, "Tantine, sema nguvu, sisikie." Nikaondoka.

Mahali pa pili ni juu ya kilima, kwenye mikaratusi, uwanja wa watu wa maombi. Hapo, Yaya, moyo wangu wa karani ulitulia. Kuna ukuta. Kuna bomba. Choo kina komeo. Mama anayepatunza alinitembeza na funguo zake akaniambia, "Hapa mutoto hatafika ku maji, hata akitaka." Nikatoa pesa ya kuweka nafasi. Halafu nikageuka kutazama. Ziwa lilikuwa chini, mbali, dogo kama sahani. Nikamsikia Gracia kabisa: "Ziwa iko kule. Mbona tuko huku? Papa atatuona namna gani?" Angekaa ukutani siku nzima akingoja tushuke. Nikarudisha pesa mfukoni. Yule mama alinitazama vibaya, na ana haki.

Mahali pa tatu ulipajua kabla yangu. Dereva wa pikipiki aligoma kwenye mchanga, nikatembea. Nilikuwa sijawahi kufika ghubani kwako bila wewe mbele. Mawe mawili bado yapo pale pa kuwashia moto.

Tata Mwansa, mkubwa wa wavuvi, alikuwa akishona wavu. Hata hakunisalimia vizuri.

"Fidèle iko wapi? Aliniahidi kunichomea nanga. Mi niko nafunga mutumbwi na jiwe, batu banachekaka mi. Umwambie!"

Nikafungua mdomo, Yaya, na Musumba ilikuwa tayari ulimini. Paa la kanisa, njia, matope. Ilikuja yenyewe, laini, ningeweza kuisema bila kukwama. Nikamtazama yule mzee na wavu wake, nikasema:

"Alikufa, Tata."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. Ofisini nilisema nimefiwa. Kanisani tulisema ametutoka. Shangazi anasema amepumzika. Neno lenyewe nilikuwa sijalitia mdomoni.

"Wee! Usicheze na mi."

"Alikufa."

"Fidèle ya turubai?"

"Ndiyo, Tata."

Aliutupa wavu chini. Akaenda mpaka kwenye mtumbwi wake akaupiga teke, akaumia kidole, akaanza kukitukana kidole kwa Kibemba. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na bado alikuwa na hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyekuchukua. Mkononi alikuwa na mfuko wa chumvi. Ndani yake vigingi vyako, vyote, vile ulivyochomelea mwenyewe na ukawa unamwachia kila mwaka usivibebe. Alikuwa amevipaka mafuta visipate kutu.

"Sasa mi nitafanya nini na hii?" akaniuliza. "Sema! Nitafanya nini?"

Nikashika kimoja, nikapapasa kichwa chake kwa kidole gumba, ile alama ya moto wako iliyopinda kidogo kushoto. Nikasema tutakuja Jumamosi, mimi na mama mtoto na mtoto, na kwamba mtoto bado hajui. Akavirudisha mfukoni, akaufunga, akasema atavipiga yeye mwenyewe ardhini kwa sababu mikono ya ofisi haijui kupiga kigingi. Nikamuuliza kama mamba bado wapo.

"Wako. Lakini batu ya ofisi habakuliwake. Nyama yao haina chumvi."

Akacheka peke yake, kisha akajifuta pua kwa wavu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitudanganya sisi waoga? Ulijilaza mlangoni, miguu nje, ukasema, "Mamba ikikuya, itaanza na mi. Itashiba. Ninyi mulale." Na tulilala, Yaya. Mimi niliyekuwa sipati usingizi hata nyumbani penye kufuli, pale nililala. Ulipomaliza kuzima moto uliingiza mkono chini ya mablanketi ukagusa mguu wa kila mmoja, kuhakikisha sote tupo. Wangu uliubana kidogo, kunitania.

Iliyokuja haikuwa mamba. Ilikuja kama maumivu ya tumbo, tena asubuhi, ukiwa unakunywa chai. Lakini ilianza na wewe, kama ulivyosema. Na sisi hatukulala.

Nimeshapanga. Turubai limefungiwa stoo, Solange hakutaka kuliona tena. Shangazi analiomba afunikie mahindi yake. Nilimwambia Solange tulipeleke tulifue ziwani kwanza, kwa maji mengi, sote watatu tukilishika, litoke moshi wa makaa na harufu ya siku zile. Alifikiri, halafu akaenda kununua sabuni. Hakuniambia ndiyo. Alinunua sabuni tu, mche mzima.

Tutalifua, tutalianika juu ya mawe, Tata Mwansa atapiga vigingi. Gracia atatandika ule mkeka wake, namjua. Ataniuliza saa ngapi utafika. Hapo nitakaa chini, niwe sawa na uso wake, nimwambie. Nimeyajaribu maneno yote nikiwa hapa kwenye kiti changu kilichovunjika. Umelala: atangoja uamke. Umesafiri: atangoja njia ikauke. Mungu amekuita: atasimama langoni mpaka Mungu amalize mazungumzo. Nitamwambia ulikufa. Nitasema ulimpenda na kwamba hutarudi, na akinipiga nitakubali anipige.

Naogopa, Yaya. Naogopa Shangazi akijua. Naogopa maji. Zaidi ya vyote naogopa ule uso wake kabla hajaelewa, ule muda mdogo atakapokuwa bado ananitazama kwa kuniamini.

Lakini nakuahidi. Nitasema Jumamosi jua likiwa bado juu, nami nitakaa naye mpaka amalize kulia, hata kama kumaliza ni mwaka. Na sementini hatalala tena. Mlangoni nitalala mimi, miguu nje. Nimenunua betri za tochi, nimenunua za akiba, na akiba ya zile za akiba. Cheka basi.

Kwaheri, kaka yangu. Kwaheri, mkubwa wangu. Sikukuaga hospitali kwa sababu nilikuwa nimetoka kukununulia maji. Naaga hapa.

Na sasa ile nusu ya pili, ambayo Gracia hapaswi kuisikia kamwe, maana nitakuwa nimetoka kumwambia kinyume chake.

Ukitaka kunipata Jumamosi, usipitie nyumbani, patakuwa pamefungwa. Njoo kwa njia ya ziwa. Upite vibanda vyenye muziki, upite kilima cha mikaratusi, ushuke kwenye mchanga pale pikipiki zinapogoma. Utaona mtumbwi uliofungwa kwa jiwe. Nyuma yake kuna turubai la kijani, safi, mlango unatazama maji. Wa ndani kabisa ni Solange, wa katikati ni mtoto. Mimi ndiye wa mlangoni.

Usiniite, nitashtuka na kuwaamsha. Gusa mguu tu.

Mdogo wako,
Nata